Kuongeza moduli za mawasiliano kwenye raki ya PLC: sloti gani, umeme uzimwe au la, na ile taa nyekundu

Kuna msomaji kaniandikia ujumbe mrefu kuhusu PLC, yaani kompyuta ya kiwandani inayoendesha mashine, naufupisha, maelezo ya kwenye mabano ni yangu: "Shikamoo fundi. Nina raki ya ControlLogix ya sloti 10. Sloti 0 kuna CPU ya 1756-L71, sloti 1 kuna 1756-EN2T (moduli ya Etheneti) inayoongea na HMI (skrini ya opareta) kwa IP 192.168.1.10, sloti 2 mpaka 7 ni I/O (moduli za kuingiza na kutoa ishara), sloti 8 na 9 ziko tupu. Nimeletewa moduli mbili niongeze, EN2T nyingine kwa ajili ya mtandao wa SCADA (kompyuta za kusimamia kiwanda) na 1756-DNB kwa ajili ya starta za mota za DeviceNet (mtandao wa waya wa vifaa vya kiwandani). Mwenzangu hakusubiri, kaitoa EN2T stoo akaichomeka sloti 8 mashine inatembea, akaunga kebo kwenye swichi ya mtandao ileile ya HMI, taa ya NET ikawa nyekundu tuli, haipepesi. Tumeiua? Halafu sloti inajali? Umeme nizime au nisizime? Nieleze taratibu, hii ndo mara yangu ya kwanza."

Marahaba mdogo wangu. Hamjaiua, tulia kwanza.

Taa ya NET kwenye EN2T ikiwa nyekundu tuli maana yake karibu kila mara ni moja tu, kuna kifaa kingine kwenye mtandao kina IP hiyohiyo. Umesema moduli imetoka stoo, kwa hiyo sio mpya kutoka kwenye boksi, ilishawahi kutumika mahali, na mi naweka dau kwamba ukiichomoa ukatazama juu yake utakuta zile swichi tatu ndogo za kuzungusha zimesimama kwenye 010. Swichi zile zikiwa kati ya 001 na 254 moduli inajipa yenyewe IP ya 192.168.1 halafu namba uliyoweka mwishoni, na maski ya 255.255.255.0. Sasa 010 si ndo ileile 192.168.1.10 ya mwenzake aliyeko sloti 1? Yule mgeni alipounganishwa akapiga hodi mtandaoni, akaona jina lake lina mwenyewe, akakaa pembeni. Ndo maana HMI yako haikuzimika, EN2T ina uwezo wa kugundua IP iliyojirudia na yule aliyetangulia ndo anaendelea na kazi, huyu wa pili anaacha kuitumia. Na ile skrini ndogo ya maandishi yanayotembea pale mbele ilikuwa inawaambia hivyohivyo, inaandika Duplicate IP, ila watu wengi wanaangalia rangi ya taa hawasomi maandishi. Soma maandishi. Mkishukuru mshukuru kwamba vifaa vyote viwili vilikuwa na huo uwezo, maana kuna vifaa vya zamani vya Etheneti ambavyo havijui kukaa pembeni, vinagombania IP, mara huyu anajibu mara yule, unakuta skrini za maopareta zinaganda na kurudi, zinaganda na kurudi, na hakuna anayejua kwa nini.

Na hilo ndo jibu langu kubwa kwa maswali yako yote kwa kweli. Kuchomeka moduli ni dakika tano, mtoto wa shule anaweza. Kazi iko kabla ya kuchomeka, kujua huyu mgeni anaitwa nani na anakula nini, na baada ya kuchomeka, kumfanya CPU amtambue. Nakwenda kwa mtiririko huohuo.

Kabla hujagusa chochote chukua laptopu, ingia onlaini, fanya aplodi ya programu iliyoko ndani ya CPU sasa hivi, sio lile faili ulilokuta kwenye foda lililoandikwa "mwisho_mwisho_sahihi". Aplodi inakuletea na thamani za tagi, yaani majina ya data ndani ya programu, zilivyo leo, yaani setipointi ambazo maopareta wamezibadilisha miezi yote hii. Ukija kudaunlodi faili la zamani baadaye, yaani kuliingiza ndani ya CPU, unazifuta zote, na hapo ndo unasikia mota inazunguka kwa spidi ya mwaka juzi. Hifadhi nakala mbili, moja nje ya laptopu.

Hili la bekapu nalisisitiza kwa sababu liliniuma. Zamani nikiwa bado nabeba boksi la spana za watu nilitumwa kuongeza kadi ya siriali kwenye PLC moja ya kizee, nikazima umeme kama vitabu vinavyosema, nikachomeka, nikawasha, CPU ikaamka haijui hata jina lake. Betri ya kumbukumbu ilikuwa imekufa siku nyingi, taa ya BATT ilikuwa inawaka na kila mtu alishaizoea, programu ilikuwa inaishi kwa sababu tu umeme haujawahi kuzimwa. Tulikesha. L71 yako haina betri ya namna hiyo, ina kile kibanda kidogo cha kuhifadhi nishati kinachoipa CPU muda wa kuhifadhi programu umeme ukikatika, kwa hiyo hali yako ni nafuu, ila ukikutana na CPU za zamani kama L6x au SLC 500 angalia taa ya betri kwanza ndo ushike breka.

Sasa chakula. Kila moduli inakula umeme wa raki kupitia ule ubao wa nyuma wenye soketi, bekipleni, na pawasaplai ina kikomo chake. Piga hesabu kwenye karatasi, upande wa volti 5.1 ndo unaobana. L71 inakula kama miliampea 800, EN2T moja ampea 1 nzima kwa hiyo mbili ni ampea 2, DNB karibu miliampea 600. I/O zako hujaniambia ni zipi, tuseme una IB16 tatu za kuingiza ishara kila moja miliampea 100, OB16E mbili za kutoa kila moja 250, na IF8 moja ya analogi 150, jumla yake 950. Ukijumlisha vyote unapata ampea 4.35. Kama pawasaplai yako ni 1756-PA72 inatoa ampea 10 upande huo, na PA75 inatoa 13, kwa hiyo una nafasi kubwa tu. Kwenye ControlLogix mara chache hesabu hii inakataa, ila ifanye, maana ukiizoea tabia hiyo, ukija kwenye mashine nyingine itakuokoa. S7-300 ya Siemens kwa mfano CPU ndo inayolisha basi ya nyuma (bekipleni yake) na inatoa ampea 1.2 tu, CPU 312 inatoa 0.8, halafu CP 343-1, moduli ya mawasiliano, peke yake inachukua miliampea 200, hapo ukijaza moduli nane bila hesabu unajitafutia lawama. CompactLogix za 1769 nazo zina kitu cha ziada, kila moduli ina umbali wake wa mwisho kutoka kwenye pawasaplai unaohesabiwa kwa idadi ya moduli, na moduli za mawasiliano mara nyingi ndo zinataka kukaa karibu zaidi, ukiiweka mbali inaweza kufanya kazi leo kesho ikagoma.

Ampea ukipima, pima na nafasi pia. Paneli ikiwa imebanana joto halitoki, na moduli za mawasiliano zinapata joto kuliko zile za I/O za kawaida. Usizibe matundu ya juu na chini ya raki kwa kebo zako mpya. Hii nimeiona sana, mtu anaongeza kebo nne za Etheneti anazilaza juu ya raki kama anaanika nguo.

Sloti inajali? Kwenye ControlLogix kwa moduli, haijali, EN2T inakaa sloti yoyote na DNB sloti yoyote, hata CPU sio lazima ikae 0. Kwa programu inajali sana. Tagi za I/O zinabeba namba ya sloti ndani yake, Local:3:I ni kitu kilichoko sloti 3 na si kingine. Kwa hiyo usije ukashawishika kuzipanga upya ili "mawasiliano yakae pamoja upande wa kushoto", ukihamisha IB16 kutoka sloti 2 kwenda 9 umebadilisha anwani zake zote kwenye programu. Una 8 na 9 tupu, tumia hizohizo, EN2T sloti 8, DNB sloti 9, yaishe. Ukianza raki mpya kabisa hapo ndo panga vizuri, mi huweka mawasiliano jirani na CPU kisha I/O, na kubakiza sloti moja mbili tupu zenye vifuniko vyake, maana sloti iliyoachwa wazi inaingiza vumbi na siku moja bisibisi ya mtu.

Wenye mashine za aina nyingine wasichukue hili la "sloti yoyote" wakaondoka nalo. S7-300 sloti 1 ni pawasaplai, 2 ni CPU, 3 imetengwa kwa moduli ya kuunganisha raki hata kama huna, na CP zako zinaanzia 4 mpaka 11, na kila moduli inakuja na kiunganishi chake kidogo chenye umbo la U cha kuchomeka nyuma kabla hujaininginiza kwenye reli, ukikisahau moduli imekaa vizuri inapendeza lakini haipo kwenye basi. S7-1200 ndo inawachanganya wengi, I/O zinaongezwa kulia mwa CPU ila moduli za mawasiliano zinaongezwa kushoto, na mwisho ni tatu. Nimeshaona mtu anahangaika kuiingiza CM 1241, moduli ya mawasiliano, upande wa kulia, anasukuma kwa kiganja.

Haya, umeme. Moduli za ControlLogix zimetengenezwa ziweze kuchomekwa na kuchomolewa umeme ukiwepo, kwa hiyo mwenzako hakuvunja sheria ya kifaa. Alivunja sheria ya akili tu. Kama eneo lina gesi au vumbi linaloweza kuwaka, hapo hakuna mjadala, kuchomeka na kuchomoa kunaweza kutoa cheche, zima kwanza au hakikisha eneo limepimwa ni salama. Kama ni eneo la kawaida na una nafasi ya kusimamisha mashine, mi kwa moduli ambayo sijawahi kuiona ikiwaka huwa nasubiri mashine isimame. Si kwa sababu ya umeme wa raki, ni kwa sababu sijui mgeni huyu ataleta nini mtandaoni, kama nyinyi mlivyoona. Kwa SLC 500, CompactLogix za 1769, S7-300 na S7-1200 usifikirie mara mbili, umeme unazimwa ndo unachomeka, ukichomeka mbichi unaweza kuunguza moduli au CPU au vyote.

Na kuzima maana yake kuzima na kupima. Tembeza mita, hakikisha. Kumbuka raki kuzimwa hakuzimi volti zinazotoka nje, kwenye terminali za I/O unaweza kukuta 230 inakusubiri kutoka kwenye sakiti nyingine kabisa. Funga breka kwa kufuli lako, weka kibao chenye jina lako.

Umeme tuli nao una mambo yake. Kidole chako hakihisi mpaka chaji ifike volti elfu kadhaa, ila chipu ndani ya moduli inaumia kwa kiasi ambacho wewe huwezi kukihisi kabisa, na ubaya wake haifi papo hapo, inajeruhiwa, inafanya kazi miezi miwili ndo inaanza kukatakata mawasiliano usiku. Vaa ile bangili yenye waya, kama huna basi angalau shika chuma cha paneli kilichofungwa ethi kabla ya kuitoa moduli kwenye mfuko wake, na ile soketi ya nyuma usiiguse kwa vidole wala usiipulize kwa mdomo. Mfuko ule wa rangi ya fedha moduli ikae humo mpaka dakika ya mwisho.

Sasa kabla ya kuichomeka EN2T weka zile swichi, kwa sababu ziko juu ya moduli, ikishaingia kwenye raki hufikii, na zinasomwa moduli inapopata umeme tu, kuzizungusha baadaye hakubadilishi kitu. Mtandao wako wa SCADA nadhani sio wa 192.168.1, na hata kama ungekuwa ule, nisingekushauri uweke mitandao miwili tofauti kwenye namba zinazofanana. Kwa hiyo zungusha ziwe 999, ambayo ndo hali inayotoka nayo kiwandani, hapo moduli inasubiri kupewa IP na seva ya mtandaoni kwa BOOTP au DHCP. Na kwa sababu hii imetoka stoo na hatujui ina nini tumboni, kwanza zungusha 888, ichomeke iwake, itafuta mipangilio yote ya zamani, halafu ichomoe uweke 999, uirudishe. Inaonekana usumbufu ila inakuondolea mizimu ya mtu mwingine.

Namna ya kuichomeka: ishike wima, ubao wake wa saketi uingie kwenye zile njia mbili za juu na chini kwa pamoja, sukuma moja kwa moja bila kuchezesha, utasikia zile kufuli za juu na chini zikilia tiki na uso wa moduli utalingana na majirani zake. Kama haijalingana haijaingia. Ikigoma usiongeze nguvu, itoe utazame pini, pini moja ya bekipleni ikipinda gharama yake ni raki nzima.

Ikishawaka, usianze kuhangaika na seva ya DHCP. EN2T ina mlango wa USB mbele, chomeka kebo ya laptopu hapo, fungua RSLinx, ile programu ya kuunganisha laptopu na PLC, utaiona, mpe IP yake na maski na getiwei, na hapa ndo wengi wanaumia, badilisha aina ya mipangilio iwe ya kudumu, isibaki kwenye DHCP. Ukiacha DHCP leo itafanya kazi vizuri, siku umeme ukikatika na kurudi itaanza kuomba IP upya, na ile laptopu iliyompa mara ya kwanza iko nyumbani kwako. USB hiyo ni ya kazi ya muda tu, usiiache imening'inia, na kwenye maeneo ya hatari usiitumie kabisa.

Baada ya hapo angalia taa. NET ikipepesa kijani maana yake ina IP ila hakuna anayeongea nayo bado, hiyo ni hali nzuri tu. Ikiwa kijani tuli, kuna muunganisho angalau mmoja. Ikizimika kabisa, haina IP au haina umeme. Ikipepesa nyekundu, kuna muunganisho uliokuwepo umekatika kwa kuchelewa. Taa ya OK ndo ya afya ya moduli yenyewe, ikiwa nyekundu tuli muda mrefu baada ya kuwaka, sio zile sekunde chache za kujipima, hapo ndo unaweza kuanza kuniuliza kama imekufa.

Kitu kimoja cha EN2T mbili kwenye raki moja, maana najua bosi wako atakuuliza. Watu wa upande wa SCADA hawataweza kuipiga ping HMI ya upande wa mashine kupitia raki, pakiti za IP za kawaida hazivuki bekipleni. Kinachovuka ni ile lugha ya CIP ya hizi moduli zenyewe. Kwa hiyo umezitenganisha ila sio ukuta kamili, mtu mwenye RSLinx upande wa SCADA anaweza kupita EN2T ya sloti 8, akaingia bekipleni, akatokea EN2T ya sloti 1 na kuviona vifaa vya huko. Kama mtandao wa SCADA unagusana na wa ofisi, weka fayawoli kati yao, usiitegemee raki ikulinde. Na kama kazi ya EN2T mpya ni SCADA kusoma tagi tu, huhitaji hata kuiongeza kwenye mti wa I/O wa programu, yaani orodha ya moduli zinazojulikana na CPU, SCADA itaifikia CPU kupitia hiyo sloti bila CPU kuambiwa lolote. Unaiongeza pale tu CPU yenyewe inapotakiwa kumiliki vifaa vilivyoko upande huo.

DNB ni hadithi nyingine, huyo lazima awe kwenye mti. Utaongeza 1756-DNB sloti 9, utachagua rivisheni inayolingana na femwea (programu ya ndani ya moduli) iliyoandikwa kwenye moduli yenyewe, na utakutana na swali la kufuli ya utambulisho, yaani CPU iwe kali kiasi gani kuhakiki kwamba kilichoko sloti 9 ndo kilichoandikwa kwenye programu. Acha kwenye ile ya kulingana, yaani Compatible Module. Kuizima kabisa ili tu ile pembetatu ya njano ipotee ni uvivu, siku mtu atachomeka kitu kingine hapo na CPU itakubali kimyakimya. Ukipata kosa 16#0114 au 16#0115 ujue moduli iliyopo sio aina iliyoandikwa, 16#0116 ni rivisheni haziendani, ama badilisha namba kwenye programu ama pandisha femwea kwa programu ya ControlFlash, na ukiwa unapandisha femwea usikate umeme wala usiguse kebo hata kama imekaa kimya kwa muda. Kwa hatua hii panga mashine isimame, mi huihesabu kama kazi ya kudaunlodi, na kudaunlodi kunasimamisha programu, hakuna njia ya kumficha meneja hilo.

Kwenye waya za DeviceNet nikae kidogo maana ndo kunakula siku za watu. Waya tano, nyeusi ni hasi, bluu ni CAN_L, ile isiyo na ganda ni shildi, nyeupe ni CAN_H, nyekundu ni chanya cha volti 24. DNB haipati umeme wa mtandao kutoka kwenye raki, volti 24 lazima zije kwenye kebo kutoka pawasaplai ya DeviceNet, ukisahau skrini inakuonyesha 92, yaani haoni umeme wa mtandao, na watu wanabadilisha moduli bure. Kila mwisho wa kebo kuu unaweka rezista ya omu 121 kati ya nyeupe na bluu, mbili tu, miisho miwili tu, na usidhani kwa kuwa raki iko mwisho basi DNB ina rezista ndani, haina. Zima umeme wa mtandao, pima kwa mita kati ya nyeupe na bluu, ukipata karibu 60 uko sawa, ukipata karibu 120 kuna rezista moja imepotea, ukipata 40 kuna mtu kaongeza ya tatu katikati. Shildi inafungwa ethi sehemu moja tu, pale kwenye pawasaplai, pamoja na ile hasi. Ukifunga na kwenye kila starta umetengeneza mzunguko wa kelele na utalia.

Spidi inafuata urefu. Kebo nene kwa 500 kilobiti unaishia mita 100, kwa 250 mita 250, kwa 125 mita 500. Tawi moja kutoka kebo kuu lisizidi mita 6. Mi naanzia 125 kila mara nisipolazimishwa, starta za mota hazina haraka hiyo. Vifaa vipya kawaida vinakuja na nodi (namba ya kifaa kwenye mtandao) 63 na spidi 125, kwa hiyo ukiviunga vyote siku moja vyote vinaitwa 63, kimoja tu kitapata mlango. Unga kimoja, mpe namba yake, unga kinachofuata. Skana, yaani DNB yenyewe, mpe 0, na 63 iache wazi kwa ajili ya kifaa kipya siku nyingine kikiharibika kimoja. Halafu kwa RSNetWorx, programu ya kupanga DeviceNet, utavitafuta, utaviweka kwenye orodha ya skana, na utagawa data yao kwenye zile nafasi za DNB, kuna 124 za biti 32 za kuingia na 123 za kutoka, nyingi kuliko utakavyozihitaji. Programu ikikuambia haikifahamu kifaa, unahitaji faili lake la EDS, lile la maelezo ya kifaa, kutoka kwa mtengenezaji.

Skrini ya DNB inazungumza kwa namba, ziandike kwenye mlango wa paneli. 70 namba ya nodi imejirudia, 72 kifaa kilikuwepo kimeacha kujibu, 73 kifaa kilichoko pale sio kilichoandikwa kwenye orodha, 77 ukubwa wa data hauendani, 78 kifaa kiko kwenye orodha ila hakipo kwenye waya, 91 basi imezimika kwa makosa, mara nyingi ni waya au spidi mbili tofauti. Inaonyesha namba ya kosa halafu namba ya nodi, soma zote mbili, ya pili ndo inakuambia uende kwenye starta gani.

Mwisho kabisa utakuta kila kitu ni kijani, hakuna kosa, starta zote zinaonekana, na hakuna mota hata moja inayotii. Skrini ya DNB inaandika IDLE au 80. Hapo usichomoe chochote. Skana inasubiri ruhusa kutoka kwenye programu yako, kuna biti inaitwa Local:9:O.CommandRegister.Run, kwenye ladda iandikie 1, unaweza kuifunga na masharti yako ya usalama au uiache iwake muda wote CPU ikiwa Run. Kabla ya kuiwasha hakikisha hakuna mtu mwenye mkono kwenye mashine, kwa sababu amri zote zilizokuwa zimesubiri upande wa kutoka zitafika kwa starta sekunde hiyohiyo. Ikiandika RUN, hifadhi programu ya CPU na faili la RSNetWorx sehemu moja, wengi wanahifadhi la kwanza tu halafu DNB ikifa wanaanza kugawa data upya kwa kukisia. Na swichi za ile EN2T ya mwenzako, nitumie picha, nataka kujua kama dau langu la 010 limeshinda.